Washiriki Wanapoachia Njiani: Njia Tano za Kuwabakiza Katika Utafiti wa Afya ya Akili Kazini

Tuseme wafanyakazi 200 wameridhia kushiriki utafiti unaojaribu programu ya afya ya akili kazini. Dodoso la mwanzo linajazwa na 180, la wiki ya nane na 115, la mwezi wa sita na 80. Anayepanga utafiti wa namna hii anajua mdondoko, yaani washiriki kuachia njiani, utakuwepo. Kinachomkwamisha ni pa kuelekeza fedha na saa chache alizonazo: apunguze maswali, atume vikumbusho zaidi, awalipe washiriki, aajiri mtu wa kuwasindikiza, au aachane na madodoso na kutumia kumbukumbu za mwajiri?

Kabla ya kujibu, tenganisha mambo mawili ambayo ripoti nyingi huyachanganya. Mwaka 2005 Gunther Eysenbach, akiandika juu ya programu za afya za intaneti, alionyesha kwamba kuacha kutumia programu si sawa na kuacha utafiti. Mfanyakazi anaweza kuacha kufungua masomo wiki ya tatu na bado akajibu dodoso la mwezi wa sita. Mwingine anahudhuria vikao vyote lakini dodoso halijazi. Wa kwanza amekupa taarifa muhimu, kwamba programu haikumshika, na alama zake unazo. Wa pili amekuachia shimo. Kama nguvu zako ni ndogo, zielekeze kwanza kwenye kuziba shimo hilo, kwa sababu aliyeacha programu lakini akapimwa bado anahesabiwa katika kundi alilopangiwa kwa nasibu, na ulinganisho wako unabaki wa haki.

Ukitaka kuona ubaya wa shimo, chukua PHQ-9, kipimo cha sonona chenye maswali 9 na alama 0 hadi 27. Kundi la programu lina watu 100: 40 wana wastani wa alama 14, na 60 wana wastani wa 7. Wastani wa kundi zima ni 9.8. Programu haimsaidii hata mmoja, ila wale 40 wenye hali mbaya wanaondoka. Kipimo cha mwisho kinaonyesha wastani wa 7. Alama zimeshuka kwa 2.8 na hakuna aliyepona. Kama kundi linganishi, lile lisilopata programu, halikupoteza watu wake kwa namna hiyohiyo, ripoti itasema programu inafanya kazi.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia hapa inapimwa kwa maswali matano. Inazuia mdondoko upi: wa programu, wa vipimo, au yote mawili? Inadai kazi kiasi gani? Inaweza kupotosha nini katika matokeo? Inalindaje usiri wa mfanyakazi mbele ya mwajiri wake? Na inamfaa nani?

Swali la usiri lina uzito wa pekee katika uwanja huu. Anayeshiriki utafiti wa shinikizo la damu hana sababu kubwa ya kumwogopa msimamizi wake. Anayejibu kwamba amepoteza matumaini ana sababu, hata kama hofu yake haina msingi. Hofu hiyo peke yake huwatoa watu, na huanza kuwatoa wale hasa ambao programu ililengwa kuwasaidia.

1. Kupunguza mzigo wa vipimo

Njia hii inazuia mdondoko wa vipimo. Ukipanga PHQ-9, kipimo cha wasiwasi GAD-7 chenye maswali 7, kipimo cha msongo cha maswali 10 na dodoso la uchovu wa kazi la Maslach lenye maswali 22, umefikia maswali 48 kabla hujauliza umri wala idara. Rudia hayo mara nne na unamdai mtu majibu 192. Wengi hukwama katikati ya ukurasa, na nusu dodoso nalo ni tatizo.

Kazi yake ni ndogo na hufanyika mara moja, wakati wa kuandika itifaki, yaani mpango rasmi wa utafiti. Chagua matokeo makuu mamoja na uyaweke mwanzoni mwa dodoso, kwa sababu maswali ya mwisho ndiyo yanayoachwa. Vipimo vya ziada vipimwe mwanzo na mwisho tu, si kila mara. Kisha andaa dodoso la uokozi: asiyejibu baada ya siku 14 anapelekewa maswali ya matokeo makuu peke yake, bila kingine chochote.

Upotoshaji huingia pale unapobadilisha kipimo katikati. Alama ya PHQ-2, yenye maswali mawili na alama 0 hadi 6, haiwezi kukaa safu moja na alama ya PHQ-9. Lakini maswali hayo mawili ndiyo mawili ya kwanza ya PHQ-9, hivyo unaweza kukokotoa alama ya PHQ-2 kwa washiriki wote na kuwalinganisha katika kipimo hicho. Panga hilo mapema na uliandike kwenye itifaki. Ukilifanya baada ya kuona data, msomaji ana haki ya kushuku.

Usiri haubadiliki sana, isipokuwa kwa jambo moja. Swali la tisa la PHQ-9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Ukiliuliza, lazima kuwe na mtu anayesoma majibu kwa wakati na utaratibu wa kumfikia aliye hatarini, na mshiriki aelezwe hivyo tangu kwenye ridhaa. Wasioweza kutimiza hilo hutumia PHQ-8, ambayo inaliacha swali hilo na kuishia alama 24.

Inamfaa karibu kila mtafiti, na hasa asiye na fedha. Haimfai anayechunguza kwa undani jinsi programu inavyoleta mabadiliko, kwani vipimo vya kati ndivyo vinavyompa jibu.

2. Vikumbusho

Hapa pia kinachozuiwa ni mdondoko wa vipimo, ila ni ule wa kusahau na kuahirisha. Aliyeamua kuondoka hatarudishwa na ujumbe wa sita.

Ratiba inayofanya kazi haina makeke: taarifa siku mbili kabla, mwaliko siku ya kwanza, kikumbusho siku ya 3 na ya 7, kisha siku ya 14 ubadilishe njia (kama ulikuwa unatumia barua pepe, tumia ujumbe wa simu), simu moja ya sauti siku ya 18, na kufunga siku ya 21. Usiendelee bila kikomo. PHQ-9 na WHO-5, kipimo cha ustawi, huuliza kuhusu wiki mbili zilizopita, hivyo anayejibu wiki sita baada ya mwaliko anaeleza kipindi kingine kabisa cha maisha yake. Amua mapema dirisha la kujibu, kwa mfano siku 21, na uandike tarehe halisi ya kila jibu.

Kosa linaloumiza kuliko yote ni kutegemea barua pepe ya kazini. Mfanyakazi anayejiuzulu kwa sababu amechoka kupita kiasi hufungiwa anwani hiyo siku anayoondoka. Aliye kwenye likizo ya ugonjwa haifungui. Kwa hiyo njia yako ya mawasiliano inawakata wale wenye hali mbaya na kuwabakiza walio salama, na hakuna hesabu itakayolirekebisha hilo kikamilifu. Siku ya ridhaa, omba namba ya simu binafsi na anwani binafsi, na ueleze wazi kwamba mshiriki ataendelea kupimwa hata akiacha kazi. Sentensi hiyo moja kwenye fomu huokoa watu wengi, maana wengi hudhani ajira ikiisha na utafiti umeisha.

Kuhusu usiri, ujumbe usitaje sonona, msongo wala jina la programu. Simu huachwa mezani na skrini hufunguka mbele ya wenzake. «Dodoso lako la wiki ya nane liko tayari» inatosha. Mtumaji awe timu ya utafiti. Msimamizi akituma kikumbusho, hata kwa nia njema, anakuwa amejulisha kwamba anajua nani anashiriki.

Vikumbusho vinamfaa mtafiti mwenye washiriki wengi waliotawanyika na mwenye mfumo unaotuma ujumbe wenyewe. Kwa wafanyakazi wa zamu, pata ratiba ya zamu kwanza: ujumbe wa saa nne asubuhi humkuta wa zamu ya usiku amelala.

3. Malipo na muda wa kazi

Malipo hupunguza mdondoko wa vipimo, na ushahidi wake ni miongoni mwa ulio bora. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kuchambua ushahidi wa afya, ya mwaka 2013 kuhusu mbinu za kubakiza washiriki yalikuta kwamba motisha ya fedha huongeza idadi ya madodoso yanayorudishwa. Mapitio mengine ya Cochrane kuhusu madodoso ya posta yalikuta kwamba motisha inayotolewa bila sharti, yaani kabla mtu hajajibu, hufanya vizuri zaidi kuliko ile inayosubiri jibu.

Kiasi chochote utakachopanga, kigawe ili kipimo cha mwisho kisiwe yatima. Kwa vipimo vinne unaweza kutoa asilimia 10, 20, 30 na 40 ya jumla. Kiasi kiwe kilekile kwa makundi yote mawili. Bahati nasibu ya zawadi moja kubwa ni rahisi kusimamia, lakini mshiriki hana uhakika wa kupata kitu na wengi huiona hivyohivyo.

Hatari kubwa ni kulipia kitu kisicho sahihi. Lipia dodoso, usilipie mahudhurio. Ukilipia mahudhurio ya vikao, malipo yanakuwa sehemu ya programu. Mwajiri atakayeichukua programu baadaye bila malipo hatapata mahudhurio yale, wala pengine matokeo yale. Kamati ya maadili nayo itauliza kama kiasi ni kikubwa hadi mtu wa kipato kidogo ashindwe kukataa, na ni swali la haki.

Malipo yakipitia mfumo wa mishahara, idara ya rasilimali watu inapata orodha ya washiriki. Yapitishe nje ya mwajiri.

Mahali ambapo fedha haziruhusiwi, muda wa kazi hufanya kazi nzuri: mwajiri anatoa dakika 20 zenye malipo za kujaza dodoso, kwa wafanyakazi wote wa idara, wanaoshiriki na wasioshiriki, ili anayekwenda chumba cha pembeni asijulikane anafanya nini. Kwa wafanyakazi wa mstari wa uzalishaji na wa wodini, ambao hawana dawati wala dakika tano za ziada, njia hii huenda ikawa na maana kuliko fedha.

Inamfaa mwenye bajeti ya vipimo na kundi linganishi lisilopata kitu kingine. Kundi hilo huchoka kujibu maswali bila faida yoyote, na malipo ndiyo shukrani pekee linayoipata.

4. Msindikizaji

Hii ni tofauti na zilizotangulia kwa sababu inashughulikia kwanza mdondoko wa programu. Programu za intaneti zenye mtu anayemfuatilia mshiriki hubakiza watu zaidi kuliko zile ambazo mtu huachiwa ajiongoze. Si lazima msindikizaji awe mtaalamu wa saikolojia. Anahitaji mafunzo, mwongozo ulioandikwa, na mtaalamu wa kumpigia simu anapokutana na aliye hatarini.

Gharama yake hukadiriwa chini ya uhalisia karibu kila mara. Dakika 15 kwa mtu kwa wiki, kwa washiriki 80, ni dakika 1,200, yaani saa 20 kila wiki. Kwa programu ya wiki sita ni saa 120, bila kuhesabu simu zisizopokelewa, ambazo ndizo nyingi. Wawili wanagawana vizuri. Mmoja akiugua katikati ya utafiti usio na mbadala, nusu ya washiriki hubaki bila mtu.

Utaratibu uwe wazi. Mtu akikosa kikao kimoja, anapata ujumbe ndani ya saa 48. Akikosa viwili mfululizo, anapigiwa simu. Katika simu hiyo msindikizaji haombi msamaha wala halaumu. Anauliza kilichomzuia, anaandika sababu, kisha anampa hatua tatu za kuchagua: kuendelea, kusimama kwa muda, au kuacha programu huku akiendelea kujibu vipimo. Hiyo ya tatu ndiyo inayosahaulika. Mshiriki akisema «nimeacha», wengi humfuta kabisa, kumbe alichochoka nacho ni vikao tu.

Upotoshaji wake ni wa aina mbili. Kwanza, matokeo yanakuwa ya programu pamoja na msindikizaji, na ripoti iseme hivyo. Pili, kundi la programu linapata sauti ya mtu kila wiki na kundi linganishi halipati, hivyo mdondoko unaweza kutofautiana kati ya makundi. Kwa maoni yetu tofauti hiyo ni hatari kuliko mdondoko mkubwa ulio sawa pande zote. Ipunguze kwa kuwapa wa kundi linganishi simu fupi ya utaratibu yenye ratiba ileile, isiyogusa maudhui ya programu. Na anayesindikiza asiwe anayepima: mtu aliyekuzoea hutaka kukufurahisha, na alama hushuka kwa adabu.

Kwa usiri, msindikizaji asiwe mtu wa mlolongo wa uongozi wa mshiriki. Katika kampuni ndogo hilo lina maana ya kumtafuta nje ya kampuni.

Inamfaa anayetaka kujua programu inaleta nini ikitumiwa ipasavyo, mwenye washiriki wasiozidi mamia machache.

5. Kumbukumbu za mwajiri

Siku za likizo ya ugonjwa, kujiuzulu na kuhama idara hazihitaji mtu kujibu swali. Hapa mdondoko wa vipimo karibu unaondoka wenyewe. Mfano mzuri ni utafiti wa ustawi wa wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, ulioanza mwaka 2016. Wafanyakazi 4,834 walijiunga, 3,300 wakapangiwa programu na 1,534 wakawa kundi linganishi, na matokeo mengi yakafuatiliwa kupitia kumbukumbu za kiutawala. Ulionyesha pia kwamba wanaojitokeza kushiriki tayari ni tofauti na wasiojitokeza kabla programu haijaanza.

Kasoro yake ni kwamba siku za ugonjwa hazipimi sonona. Mtu anaweza kuja kazini kila siku akiwa hoi. Wafanyakazi wa mkataba mfupi mara nyingi hawamo kwenye mfumo, na aliyeacha kazi hana tena siku za kuhesabu. Usiandike sifuri kwake. Gawanya siku za ugonjwa kwa siku alizokuwa kazini. Ukiandika sifuri, umemgeuza aliyeshindwa kabisa kuwa mwenye afya bora kuliko wote.

Usiri hapa unadai uangalifu wa juu. Ridhaa ya kumbukumbu iwe na sahihi yake, tofauti na ya programu. Ufunguo unaounganisha majina na namba za utafiti za washiriki ushikwe na mtu asiye mwajiri wala mchambuzi. Usirudishe kwa mwajiri jedwali la kikundi chenye watu chini ya 10.

Inamfaa mwenye ushirikiano wa kweli na mwajiri mkubwa na anayetaka matokeo ya mwaka mmoja au zaidi.

Zote tano zinachohitaji pamoja

Weka daftari la sababu za kuondoka tangu siku ya kwanza, lenye nafasi tofauti kwa: aliyeacha kazi, likizo ya ugonjwa, likizo ya uzazi, aliyehamishwa, aliyejitoa rasmi, aliyepoteza mawasiliano, na tawi zima lililojitoa. Hiyo ya mwisho hutokea meneja anapobadilika, na katika utafiti uliopanga matawi kwa nasibu inaweza kukuondolea watu 40 kwa barua moja.

Katika kukadiria sampuli, gawanya, usizidishe. Ukihitaji watu 240 mwishoni na unatarajia kupoteza asilimia 25, andikisha 240 ÷ 0.75, yaani 320. Ukiongeza asilimia 25 juu ya 240 unapata 300, na 300 wakipungua kwa robo wanabaki 225. Lakini sampuli kubwa hurejesha idadi tu, haiwarejeshi wale walioondoka kwa sababu hali zao ni mbaya.

Kwa mapengo yatakayobaki, rudi kwenye mgawanyo wa mwanatakwimu Donald Rubin wa mwaka 1976: yaliyotokea kwa bahati tupu, yanayoelezeka kwa taarifa ulizo nazo (umri, alama ya mwanzo, zamu), na yanayotegemea alama yenyewe usiyoiona. Usinakili alama ya mwisho ya mtu kama vile hali yake iliganda. Ripoti ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ya mwaka 2010 ilionya dhidi ya kuifanya hiyo kuwa njia ya kawaida. Tumia modeli mseto (inayotumia vipimo vyote vilivyopo vya kila mtu) au ujazaji wa mapengo kwa nakala nyingi (kukadiria kila pengo mara kadhaa na kuunganisha majibu), kisha jaribu dhana mbaya: waongezee waliokosekana katika kundi la programu alama 1, 2, kisha 3 za PHQ-9, na uripoti ni wapi hitimisho linageuka.

Uchague ipi katika hali yako

Huna bajeti na una miezi mitatu: dodoso fupi pamoja na vikumbusho vyenye kikomo, na mawasiliano binafsi yachukuliwe siku ya ridhaa.

Majaribio ya awali yalionyesha watu wanaacha masomo wiki ya pili au ya tatu: msindikizaji, hata kama italazimu kupunguza washiriki.

Watu wanamaliza programu lakini hawajibu: malipo ya kila dodoso, au dakika 20 za kazi kama fedha haziwezekani. Msindikizaji hapa ni gharama isiyo na mahali.

Kundi linganishi ndilo linalopungua: malipo yaleyale kwa wote na simu ya utaratibu. Kama umewaahidi kupata programu baadaye, fupisha muda wa kungoja.

Kazi ina mzunguko mkubwa wa watu wanaoingia na kutoka: kumbukumbu za mwajiri kwa matokeo ya muda mrefu, pamoja na dodoso fupi linalomfuata mtu kwenye simu yake binafsi hata akihama.

Wafanyakazi hawamwamini mwajiri, au kumekuwa na punguzo la watu hivi karibuni: kumbukumbu za mwajiri ziache, hata kama unazipewa bure. Tumia dodoso fupi linalosimamiwa na taasisi ya nje, malipo yasiyopitia mishahara, na uahirishe kuanza kama tangazo la kupunguza watu bado halijapoa.